Mzazi Mpya na Kazi za Msimu

Leo sitazungumza habari ya viwavi wala ya dawa za pamba. Nitazungumza habari ya mtu anayepalilia hiyo pamba, hasa akiwa ametoka kujifungua. Baba usiondoke. Najua ukisikia neno "uzazi" mkono unakwenda kwenye kitufe cha redio. Ngoja kidogo, kwa maana sehemu kubwa ya maneno haya ni yako.

Kazi yangu ni tiba kwa vitendo. Wengine huiita tiba kazi. Wataalamu wake katika nchi yetu si wengi, chuo chao kipo KCMC kule Moshi, na wengi wao utawakuta katika hospitali kubwa za rufaa. Watu huniuliza: je, wewe ni daktari? Hapana. Je, ni muuguzi? Hapana tena. Daktari anatibu jeraha. Mimi nauliza: sasa huyu mtu atachotaje maji? Atapikaje? Atambebaje mtoto na jembe kwa wakati mmoja? Mtu akipooza mkono tunamfundisha kuvaa shati kwa mkono uliobaki. Na mwanamke akipata mtoto wa kwanza, ingawa si mgonjwa, siku yake yote imegeuzwa juu chini. Kazi zile zile zipo, mwili umebadilika, na kazi mpya imeongezeka ambayo haina Jumapili.

Mwanamke aliyeajiriwa, iwe ofisini Shinyanga mjini au katika mgodi mkubwa wa Geita, analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Anapata siku 84 za likizo yenye malipo, na akijifungua pacha siku 100. Haruhusiwi kurudi kazini kabla ya wiki sita tangu ajifungue, isipokuwa daktari amethibitisha kwamba anaweza. Akisharudi, mwajiri anatakiwa kumpa nafasi ya kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Vizuri sana. Sasa wewe mama wa Solwa, wa Nyarugusu, wa Bukombe, mwajiri wako ni nani? Likizo yako anaisaini nani? Ni mume, mama mkwe, na mvua. Na mvua haijui kusaini.

Nilipoanza kazi nilikuwa nikifanya kosa moja. Nilimwambia kila mzazi: "Pumzika wiki sita." Nikaliandika hata kwenye karatasi. Mama mmoja alirudi kwangu baada ya wiki mbili, mgongo unamuuma hawezi kuinuka kitini. Nikamuuliza, karatasi yangu uliionyesha nyumbani? Akasema, "Niliionyesha. Walicheka." Tangu siku hiyo siandikii mtu karatasi. Ninakwenda nyumbani kwake, na ninakwenda na punje za mahindi mfukoni.

Punje za nini? Hebu nikueleze habari ya nyumba moja, sitataja kijiji. Ilikuwa mwezi wa Januari, palizi imepamba moto. Binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wake ana siku kumi na sita. Mhudumu wa afya wa kijiji ndiye aliyeniita, kwa sababu damu ya uzazi iliyokuwa imepungua ilianza kutoka tena kwa wingi. Jambo la kwanza, na mnisikilize vizuri hapa, sikuhesabu punje yoyote. Tulimpeleka kituo cha afya siku ile ile. Damu nyingi inayorudi, homa, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, degedege, uchafu unaonuka, mguu mmoja kuvimba na kuuma: hayo hayasubiri kesho wala hayasubiri mganga amalize ndele zake. Piga simu namba 115, ni bure, ndiyo namba ya usafiri wa dharura wa mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Hapa Shinyanga ni miongoni mwa mahali mpango huo ulipoanzia.

Alitibiwa akarudi. Ndipo nikaenda mara ya pili, nikaomba watu wote wa nyumba wakae chini ya mwembe. Nikamwaga punje. Nikasema: tutahesabu kazi za jana. Kazi ya kukaa, punje moja. Kazi ya kusimama kwenye moto, mbili. Kazi ya kuinama au kubeba, tatu. Kila mtu aweke punje mbele yake.

Binti akaanza. Maji kisimani, safari nne: punje kumi na mbili. Kuni, tatu. Kupika mara mbili, nne. Kufagia uwanja kwa ule ufagio wetu mfupi, tatu. Kufua nguo za mtoto, tatu. Kupeleka mahindi mashineni kichwani, tatu. Palizi ya asubuhi, tatu. Na kunyonyesha mara kumi, usiku na mchana, punje moja moja: kumi. Jumla arobaini na moja. Mume wake alikuwa na nane, na sikumpunja, tulihesabu palizi, zizi na kuwapeleka ng'ombe majini. Mama mkwe alikuwa na tano.

Mama mkwe akaja juu. Akasema, "Kunyonyesha si kazi! Mbona mnaiwekea punje?" Nikamwambia, mayu, mama anayenyonyesha hutoa karibu robo tatu ya lita ya maziwa kila siku, na maziwa hayo yanatoka katika ugali anaokula na damu yake mwenyewe. Hakuridhika. Ndipo mzee mmoja jirani, ambaye hakualikwa, akasema: "Ng'ombe jike akizaa leo, kesho unamfunga plau?" Watu wakacheka, na mama mkwe akacheka. Mimi sipendi sana kumfananisha mwanamke na ng'ombe, lakini ukweli ni kwamba hoja ile ilifanya kazi kuliko karatasi zangu zote. Wasukuma tunajua ng'ombe aliyezaa anatakiwa kutunzwaje.

Sasa lile la maji. Punje kumi na mbili kwa siku! Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, bado uzito wa ndoo. Mama aliyejifungua juzi, misuli ya tumbo bado imelegea na ile inayoshikilia kizazi na kibofu bado haijakaza. Ukiitwisha kilo 20 mara nne, unaisukuma chini. Hapo ndipo wengine huanza kuvuja mkojo wakikohoa, na wengine kuhisi kitu kinashuka. Nikamwuliza kijana yule, mume, je, maji utachota wewe? Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Watanicheka." Nilimwelewa. Ndoo kichwani kwa mwanamume kijijini kwetu ni kichekesho, na mimi siwezi kubadilisha kijiji kwa siku moja. Lakini nikamwuliza tena: baiskeli unayo? Anayo. Madumu mawili nyuma ya baiskeli, nani atakucheka? Hakuna. Wanaume wangapi wanauza maji kwa baiskeli Kahama na Katoro, na wanaitwa wafanyabiashara! Wenye mkokoteni wa ng'ombe ndio zaidi, pipa zima mara moja. Safari mbili za baiskeli, madumu manne, punje kumi na mbili zikahama.

Kufagia na kufua akachukua mama mkwe, kwa kunung'unika kidogo. Mashineni, baiskeli tena. Palizi tukaifuta kabisa mpaka siku ya arobaini na mbili.

Nilitaka kumwondolea na kupika pia. Binti akakataa. Alisema, "Ukiniondolea jiko, mimi hapa nyumbani nitakuwa nani?" Nililifikiri sana jambo lile nikiwa njiani kurudi. Kazi si mzigo tu, ndugu zangu. Mtu aliyeolewa mwaka jana, ugeni haujamtoka, jiko ndipo mahali pake pa kusema "hapa ni pangu". Kwa hiyo hatukumwondoa jikoni, tulilirekebisha jiko. Mafiga tuliyainua juu ya benchi la udongo lenye urefu wa kufika nyongani, ili apike amesimama bila kuinama. Mtungi wa maji ukapandishwa kwenye kichanja. Kigoda kikawekwa cha kukalia akichambua mchicha. Sufuria kubwa anajaza nusu akishaiweka motoni, hainui ikiwa imejaa. Benchi lile halikugharimu hata shilingi, lilihitaji udongo wa kichuguu na alasiri moja ya mume.

Mama unayenisikiliza, hata kama hakuna mtu atakayekuja kwako na punje, yapo mambo unayoweza kuanza leo. Ukinyonyesha, usimwinamie mtoto. Kaa uegemee ukuta, kunja kitenge au blanketi uweke chini ya mkono wako, kisha mlete mtoto afike kwenye titi. Wengi wanaouma shingo na mabega wamekosea hapo tu. Usiku nyonyesha ukiwa umelala ubavu, ila hakikisha mtoto hajafunikwa pua wala huchanganyi na pombe. Ukimwinua mtoto kutoka chini, piga goti, mvute karibu na kifua, ndipo usimame kwa nguvu za mapaja. Usimnyanyue kwa kumshika makwapani huku vidole gumba umevitanua, maana kiwiko cha kidole gumba huwaka moto kwa maumivu. Wapo wanaofanya hivyo mara ishirini kwa siku kisha wanasema wamerogwa mkono. Na wale ambao mikono ilikuwa inakufa ganzi usiku wakati wa mimba, ni uvimbe wa mimba unabana mishipa. Aghalabu hupungua baada ya kujifungua. Usipopungua, nenda hospitali.

Yako na mazoezi ya ile misuli ya chini. Bana kama mtu anayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kufanya hata umekaa kwenye foleni ya mashine, hakuna atakayejua. Lakini sikiliza tofauti: mkojo kidogo ukikohoa, hiyo ni misuli. Mkojo unaotiririka wenyewe mchana na usiku baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo ni fistula, na haiponi kwa mazoezi. Inatibiwa kwa upasuaji. Bugando kule Mwanza wanatibu. Usijifiche nyumba ya nyuma, na usikubali kurudishwa kwenu kama mzigo.

Aliyejifungua kwa upasuaji, kwa wiki sita za mwanzo asibebe kitu kizito kumzidi mtoto wake. Hilo sina la kuongeza.

Baada ya wiki sita, ukipimwa na ukaambiwa uko sawa, rudi shambani, lakini rudi polepole. Anza na saa moja asubuhi kukiwa na baridi. Wiki inayofuata ongeza. Tumia jembe la mpini mrefu, maana ule mpini mfupi unaukunja mgongo kama upinde. Mtoto mchanga ananyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku mchana na usiku, kwa hiyo shamba la karibu na nyumba ndilo lako kwanza, la mbali liwe la wengine. Ukilazimika kumwacha, kamua maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko, yawekwe kivulini penye ubaridi, na yasizidi muda wa saa nne. Kwa joto letu la Oktoba hata hizo ni nyingi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Miezi sita ya kwanza asipewe maji wala uji, jua liwake lisiwake.

Tena jambo hili mngelipanga mapema. Kadi ya kliniki ina tarehe ya kutazamia kujifungua. Mkulima wa pamba anajua kwamba akipanda Novemba au Desemba, palizi itakuwa Januari. Ikiwa kadi inasema mtoto atakuja mwishoni mwa Desemba, basi hesabu ni rahisi: msimu huo punguzeni eneo la pamba, au tafuteni kikundi cha kulimiana mapema, si siku majani yameshafunika miche. Michembe na matobolwa yaandaliwe viazi vinapovunwa, kuni zipangwe ukutani kabla tumbo halijawa kubwa. Kwa mbolea na mbegu tunapanga. Kwa mtoto tunashtuka, kana kwamba miezi tisa ilikuwa siri.

Sasa niende upande wa dhahabu, maana najua wasikilizaji wangu wengi wa Geita wanalima masika na kwenda machimbo kiangazi. Akina mama, nawaona kwenye mialo na makarasha, mnaponda mawe, mnachekecha, mtoto yuko mgongoni au amelazwa kwenye kiroba kando ya vumbi. Kukaa chini miguu imenyooshwa na kuponda mawe mchana kutwa ni kazi mbaya kwa kiuno cha mzazi. Kama huna budi, kalia kiti kidogo, weka jiwe la kupondea juu ya gogo, badilisha mkono, simama kila baada ya muda mfupi, na lowesha mawe ili vumbi lipungue. Mtoto akae mbali, upande upepo unakotoka.

Lakini zebaki ni habari nyingine. Hapo siwaambii mkae vizuri, nawaambia mwondoke. Unapochoma dhahabu iliyoshikana na zebaki, zebaki inageuka mvuke usioonekana. Mama mjamzito akiuvuta, inapita kwenye damu mpaka kwa mtoto tumboni. Akinyonyesha, kiasi fulani huingia katika maziwa. Si hadithi za Ulaya hizi. Watafiti walipima Rwamgasa, hapa hapa Geita, na mwaka 2008 yakatangazwa matokeo ya maziwa ya akina mama wa Tanzania, Zimbabwe na Indonesia, na zebaki ilikutwamo. Kule Minamata, Japani, ambako sumu hii ilijulikana mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wenye zebaki, walizaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo kwa mama ambao wenyewe hawakuonekana kuugua sana. Zebaki ya Minamata ilikuwa ya aina nyingine, ya kuliwa, lakini ubongo wa mtoto ndio ule ule. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unataka wanawake wajawazito na watoto wakingwe kwa namna ya pekee.

Kwa hiyo baba, usichome dhahabu jikoni kwenye kikaango cha kukaangia mboga. Usichome ndani ya nyumba hata kama unaogopa wezi. Chomea mbali, kwa kifaa cha kunasa mvuke, na nguo ulizochomea usizilete kitandani kwa mzazi. Na mama uliyekuwa ukifanya kazi hiyo, usiache kumnyonyesha mtoto kwa hofu; acha ile zebaki, na umweleze muuguzi wa kliniki.

Limebaki moja ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Mzazi kulia lia siku za mwanzo ni kawaida, hupita ndani ya wiki mbili. Asipoacha, akiwa hali, halali hata mtoto akilala, hamtazami mtoto, au anasema afadhali nisingekuwepo, hiyo ni sonona. Si uvivu na si mashetani. Apelekwe kituo cha afya, asiachwe peke yake. Na sisi wa tiba kwa vitendo tunasaidia kwa kumrudisha katika siku yake kidogo kidogo: leo aoge na kusuka nywele, kesho atoke akae na wenzake wanaosuka mikeka, kesho kutwa ampake mtoto mafuta juani. Mambo madogo, ndiyo. Ndiyo yanayomkumbusha mtu kwamba bado yupo.

Na ikiwa mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, na sasa unaona amekakamaa au amelegea kama kitambaa, hanyonyi vizuri, usisubiri akue. Mlete mapema. Kuna namna ya kumbeba, kumlisha na kumlaza mtoto huyo, na inafundishika.

Nilipita ile nyumba mwezi wa Mei. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka. Mtoto mnene, ana jino moja limechungulia. Baiskeli ilikuwa nje na madumu yake mawili, lakini nikamkuta binti anafagia uwanja kwa ufagio ule ule mfupi, kainama. Nikamwuliza, vipi tena? Akasema mama mkwe amesafiri Maswa kwenye msiba. Mume alikuwa zizini, akanisikia, akaja akakata fimbo ndefu akaufungia ule ufagio kwa kamba ya katani. Hakusema neno, akarudi kwa ng'ombe wake.

Wenye maswali mwaulize wahudumu wa afya wa vijiji vyenu, au mtuandikie kama kawaida.